Muthokoi Laini wa Mwaitu

Kama umeamka leo ukavua soksi ulizolala nazo, ukaona zimeacha mstari juu ya kifundo cha mguu na mstari wenyewe haufutiki hata ukisugua, kaa chini usome haya. Siandiki kama daktari. Daktari wangu ni kijana mpole anayejua kazi yake, na ukimuuliza habari za moyo atakuchorea hata picha. Mimi naandika kama mtu aliyekalia lile benchi la mbao nje ya mlango wake mwaka mzima na zaidi, akitikisa goti mpaka jirani akamwomba kwa heshima aache kuwatikisa wote.

Mimi si mtu wa kukaa. Hilo lijue mapema, maana lilinitesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kazi yangu ni kuuza mashuka kwa miguu. Nalitia furushi begani asubuhi, natoka mtaani kwetu Pipeline, napita Umoja, nateremka Mowlem, na siku nyingine nafika hadi Makongeni kwa wazee wa reli wanaopenda mashuka meupe na kubishana bei mpaka jua litue. Naingia ploti hii natokea ile. Wateja walinizoea hivyo. Ukinikaribisha kiti nakwambia nitakaa nikizeeka, na wakati huo mkono tayari unafungua furushi.

Mambo yalianza na mvua za Novemba. Viatu vikawa vinabana ikifika jioni. Nikasema ni matope, kiatu kikilowa kinasinyaa. Nikanunua vingine, navyo vikabana. Siku moja nikabonyeza mguu kwa kidole gumba, nikaondoa kidole, na shimo likabaki palepale linanitazama. Nililifunika kwa leso nikaenda kuuza mashuka.

Tunaishi ghorofa ya tano katika jengo lisilo na lifti. Ngazi zetu zina giza hata saa sita mchana, na kila mahali pa kupumulia pamejaa mitungi ya maji ya watu. Miaka yote nilizipanda nikiongea kwenye simu. Desemba hiyo nikaanza kusimama. Ghorofa ya nne pana tangazo la caretaker wa jengo kuhusu siku za maji, limebandikwa ukutani tangu zamani, nami nikawa nasimama hapo kama ninayelisoma, huku kifua kikipanda na kushuka.

Njoroge, mume wangu, ndiye aliyenikamata. Yeye ni fundi wa makochi, mtu wa maneno machache.

"Mama Shiro, hiyo karatasi unaisoma kila jioni. Imeandikwa nini?"

"Imeandikwa watu washughulike na yao."

Hakucheka. Kesho yake akafunga kibanda chake, akanipeleka hospitali mwenyewe, akiwa amebeba mkoba wangu mkononi mbele ya majirani wote.

Sitakuchosha na yaliyosemwa huko. Kwa lugha ya nyumbani, presha ilikuwa imekaa ndani yangu miaka bila kubisha hodi, na moyo ulikuwa umechoka kusukuma. Maji yaliyopaswa kutoka mwilini yalikuwa yanabaki. Nilipewa tembe za presha, tembe za moyo, na tembe za kukojoa. Kisha daktari akaweka kalamu chini.

"Chumvi usiiguse kabisa. Na uvimbe huu ni lazima ushuke. Usiposhuka nitakulaza, na baada ya hapo sitakuruhusu kurudi kwenye ngazi hizo."

Njoroge akanitazama, na nikajua amekwisha kuamua. Nisipopona nitapelekwa kwetu kijijini Mwingi, kwa mama, nikapumzike. Wewe mwingine ungesikia neno hilo ukashukuru. Mimi lilinitisha. Baba yangu alipumzika hivyo. Alikuwa mchongaji wa vinyago, mikono yake haikutulia maisha yake yote, halafu miguu ikavimba, kisha tumbo, akawa anashinda na kulala kwenye kiti uani kwa sababu akilala chali hapumui. Alifia kwenye kiti hicho. Hakuna aliyejua jina la ugonjwa wake. Mimi nilikuwa msichana wa shule, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula hapo kitini. Kwa hiyo nilipobonyeza mguu wangu na kuona shimo, sikuhitaji picha ya daktari. Njia ile nilikwisha kuiona mwisho wake.

*

Januari nikaanza maisha ya benchi. Kliniki ya moyo ina watu wa kila aina na wote wana miguu ile ile. Unajifunza kutambua mgonjwa mwenzako kwa ndara. Kuna mzee aliyekuwa akija na viatu vya mwanawe vilivyokatwa mbele kwa kisu, amevaa suti kamili juu yake. Tuliketi, tukasogea, tukaketi, tukasogea. Nami nilikuwa nasimama kila mara kuchungulia mlangoni, na muuguzi kunirudisha. "Mama wa mashuka, keti." Nikiketi goti linaanza.

Mlango wa pili ulikuwa wa sista wa lishe. Huyo alinipenda kwa sababu nilikuwa namjibu. Aliniuliza nakula nini nikiwa kazini, nikamtajia bila aibu: chipsi, smoki, sambusa, mutura, ile soseji ya damu, jioni pale kona, soda ya kusukumia. Nyama choma Jumapili baada ya kanisa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Rudi kwa chakula cha nyumbani," akasema. "Nyama mara moja moja. Maharagwe, ndengu, kunde, muthokoi, mtama, mboga za majani. Bila chumvi, bila unga wa mchuzi wa paketi."

Nilimpelekea binti yangu habari hizo nikidhani atanihurumia. Shiro yuko chuo, anasomea mambo ya mazingira, na alishangilia kama timu yake imefunga bao.

"Mathe, hiyo ndio msosi tunafunzwa kila siku! Ng'ombe moja inakunywa maji ya ploti mzima. Ukiacha nyama unaokoa roho yako na unaokoa dunia, zote mara moja. Na hizo sukuma za kando ya mto usibuy tena, hiyo maji ni sewage tupu. Tupande zetu kwa gunia huko rooftop."

"Dunia ingoje zamu yake," nikamwambia. "Mimi niko mbele kwa foleni."

Lakini magunia aliyapanda kweli. Caretaker alikuja juu kwa makelele, akasema paa si shamba. Shiro akampa fungu la kunde la kwanza kukomaa, na tangu hapo ndiye anayeyamwagilia.

Mama alifika kabla ya Februari kwisha. Mwaitu, ndivyo tunavyowaita mama zetu Ukambani, na ndivyo nimemwita tangu niweze kusema. Alishuka kwenye basi na gunia la mahindi, mfuko wa ndengu, kunde, na kinu kidogo cha kutwangia. Alipanda ngazi zetu zote bila kusimama, mwanamke aliyenizaa, akanikuta nimekaa kitandani na mito mitatu mgongoni. Alinitazama miguu. Sote wawili tulikuwa tunakiona kiti cha baba.

"Nitakupikia," akasema. "Utapona."

Na alipika. Jamani, alipika. Asiyeujua muthokoi, ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yakapikwa na maharagwe au kunde mpaka yakubali. Ukipikwa vibaya utavunjika jino. Wa mwaitu ulikuwa laini mpaka unauponda kwa ulimi. Mboga yake ya majani ya kunde ilibaki kijani kibichi hata ikiiva. Na hakukuwa na chumvi. Kopo la chumvi alilitoa nyumbani kwangu kwa mikono yake mwenyewe akampa jirani.

Chakula bila chumvi ni adhabu, nisikudanganye. Wiki za kwanza nilikuwa natafuna huku machozi yananilenga, si kwa uchungu, ni kwa hasira. Nilimwonea wivu hata Njoroge akilamba kidole baada ya kula chipsi. Lakini kile cha mama kilikuwa na ladha fulani ya mbali, kinashuka. Nikajifariji kwamba ni mkono wa mzazi.

Na nikazidi kuvimba.

*

Nataka uelewe kipindi hiki, kwa sababu huenda uko ndani yake sasa. Unafanya yote uliyoambiwa. Hujagusa smoki, hujagusa chumvi, unakunywa dawa kwa saa. Unapanda mizani kliniki, na mizani inasema umeongezeka. Pete ya ndoa ilikatwa kwa koleo la Njoroge la kazini. Uso uliniumuka asubuhi mpaka macho yakawa mistari. Daktari akaongeza tembe za kukojoa, na hizo tembe, katika nyumba ambayo choo ni cha watu wa korido nzima, ni vita. Nilikuwa nabisha mlango wa choo huku nimebana magoti, mtu ndani anajibu kwa utulivu, "Niko." Jirani yangu wa mlango wa kwanza, chumba pekee chenye choo ndani, mama mmoja ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, alinifungulia choo chake cha ndani siku moja aliponikuta nalia koridoni. "Mlango sifungi na ufunguo," akasema. "Ingia tu wakati wowote." Mpaka leo sijui nimlipe nini.

Kilichoniuma zaidi ni kutoaminiwa. Njoroge alianza kunusa. Nikirudi kutoka kliniki ananikaribia kama anataka kunisalimia, kumbe ananusa mikono kama ina mafuta ya smoki. Siku moja nikamkuta amefungua mkoba wangu.

"Unatafuta nini humo?"

"Mama Shiro, niambie tu. Kama unakula huko nje niambie, sitakugombeza."

Nilimrushia mkoba wote. Hatukuongea mpaka Jumapili.

Naye daktari, kwa ile sauti yake ya upole, akasema, "Mama, hapa lazima tuwe wakweli. Mwili huu unapata chumvi mahali." Nilitoka kwa hasira nikapita benchi, nikapita geti, nikatembea kando ya barabara mpaka kifua kikagoma, nikashikilia mlingoti wa taa. Watu wakanipita. Nilikuwa naogopa. Siku hiyo nilijiambia wazi: nitakufa nikila maharagwe, na watu watasema ni mutura.

Mvua za Aprili zikaanza, na mwaitu akalazimika kurudi Mwingi kupanda. Alikataa, nikamlazimisha. Shamba lisipopandwa mvua haingoji. Akaniachia mahindi na kunde, na Shiro akashika jiko.

Sasa Shiro anajua mambo mengi, lakini mahindi hayajui. Alikuwa anainjika asubuhi akisoma, anaepua akichoka. Maharagwe yaligonga sahani kama kokoto. Kunde zilikuwa za kahawia, chungu, zinanyoosha ulimi. Gesi iliisha kabla ya wakati wake.

"Huyu mtoto atanimaliza," nilimwambia Njoroge.

"Mathe, si uvumilie, zitaiva tu," Shiro akapiga kelele kutoka jikoni.

Nilitafuna kokoto hizo. Na asubuhi moja nikaamka nikatazama miguu, nikaona mifupa. Ile mishipa midogo ya juu ya mguu, ambayo sikuwa nimeiona tangu mwaka uliopita, ilikuwa imerudi mahali pake. Nikabonyeza. Shimo likajaa haraka. Uso ulishuka. Mito ikapungua mgongoni. Kufikia Mei nilipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu kabla ya kusimama, na nilipofika kwenye tangazo la maji nililipita nikiwa nalitukana kimoyomoyo. Daktari alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. "Umeona? Ukifuata masharti yanafanya kazi." Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Nilibeba mashuka machache nikazunguka ploti za karibu, na nikalia mlangoni kwa mteja wa kwanza kama mjinga.

Mwaitu alirudi na baridi ya Juni, na mavuno mapya ya ndengu. Alifurahi kuniona. Akashika sufuria yake, muthokoi ukawa laini tena, nikala kama mtu aliyetoka jela.

Kabla Julai haijafika katikati, ndara zilikuwa hazinitoshi.

*

Wifi yangu, dada yake Njoroge, alikuja Jumamosi na ndizi. Alikaa, akanywa chai, akasubiri mwaitu apande juu kwenye magunia ya kunde. Kisha akashusha sauti.

"Mimi sisemi kitu. Lakini mama yako akija unavimba. Akienda unapona. Akirudi unavimba. Kila mtu kwa hii nyumba ana macho. Na huko Ukambani tunasikia mambo."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Sijui kilifikaje ukutani. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuandika hapa kwa sababu mchungaji wetu husoma. Aliinuka akaenda, na ndizi zake akaziacha.

Nikamgeukia Njoroge nikitarajia aseme kitu. Alikuwa anatazama kikombe kilichovunjika. Hakusema "dada yangu amekosea." Hakusema chochote, na ukimya huo ulinikaa kifuani kuliko maji.

Sumu ya maneno kama yale ni kwamba ukiyakataa yanabaki. Mimi ni Mkristo, mambo ya uchawi siyaamini, na mwaitu ni mwaitu. Lakini kuanzia siku hiyo nikawa namtazama mikono. Nalala kitandani, mlango wa jiko uko wazi, namtazama mama yangu akipika, na najichukia kwa kumtazama. Anachambua kunde. Anaosha. Anainjika. Anakaa kwenye kigoda. Mahindi yakianza kuchemka anasimama, anafungua fundo la leso yake, pale anapowekea ugoro, anatoa kitu cheupe kama jiwe lililosagika, anakitia sufuriani, povu linapanda, anakoroga.

"Mwaitu, unatia nini?"

"Wapi?"

"Hapo. Umetia nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza maji ni nini. "Magadi."

Wala hakuwa amejificha. Nilikuwa nimemwona akitia magadi tangu nijue kuona. Yeye hutia, shangazi zangu hutia, mimi mwenyewe nilipokuwa napika githeri ya mahindi na maharagwe nilitia. Magadi ndiyo yanayolainisha mahindi na kuzipa kunde rangi. Nyumbani kwetu ni kama kuwasha moto, nani anahesabu moto kuwa chakula?

"Daktari si alisema chumvi?"

"Chumvi niliitoa," akasema. "Haya ni magadi."

Nikamwomba kipande. Nikakitia ulimini. Ule ukali wa sabuni, na chini yake, taratibu, ikaja ile ladha ya mbali niliyokuwa nikiiita mkono wa mzazi.

*

Siku ya kliniki sikuketi kabisa. Nilipita foleni ya sista wa lishe, watu wakanizomea, nikaingia.

"Sista, magadi ni chumvi?"

Alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama. "Unatia magadi?"

"Mama anatia. Kila sufuria."

Akafumba macho kidogo. "Hata sisi kwetu tunatia," akasema polepole. "Kwa mboga ya mrenda. Na mimi nimekuuliza habari za chumvi miezi hii yote, na magadi sikuwahi kuyataja." Akaniambia yana kitu kilekile cha chumvi kinachoshika maji mwilini. Nilikuwa nimeambiwa nile muthokoi, ndengu na kunde kila siku, na kila siku kila kimoja kilikuwa na magadi yake. Kadiri nilivyokula vizuri ndivyo nilivyovimba.

Nilitoka nikasimama mbele ya benchi. Mimi sijui kunong'ona.

"Nani hapa kwao wanatia magadi kwa chakula?"

Mama mmoja akaanza: "Ya mboga tu." Mwingine: "Mimi kwa maharagwe. Gesi itanimaliza nikingoja yaive." Yule mzee wa suti na viatu vilivyokatwa akainua mkono taratibu kama mtoto darasani. Mikono ikaendelea kuinuka. Mtu mmoja akaanza kucheka, tukacheka wengi, halafu tukatazama miguu yetu na kicheko kikaisha.

Nyumbani nilimweleza Njoroge kwanza, mlangoni, kabla sijavua leso. Alinisikiliza. Akaenda jikoni alikokuwa mwaitu, akapiga magoti kwenye saruji, mwanamume mzima, akasema, "Mama, nisamehe." Mwaitu hakujua anasamehe nini. Akasema, "Nimekusamehe, inuka, utachafua suruali." Namshukuru Mungu hakuwahi kuuliza zaidi.

Lakini habari ya magadi ilibidi nimpe mwenyewe. Nilijaribu kuipunguza makali, nikashindwa, nikaitoa yote mara moja. Akanisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Kuni zetu unajua ziko wapi siku hizi," akasema baadaye. "Wachoma makaa wamemaliza mlima. Ninaondoka asubuhi, narudi mchana. Nikitia magadi napika kwa kuni kidogo. Nilikuwa nafikiri naokoa."

"Ulikuwa unaokoa, mwaitu."

Aliweka mwiko chini. Kwa siku kadhaa hakuingia jikoni. Alikaa dirishani akitazama nguo za watu zilizoanikwa, mikono mapajani, na sikuwahi kumwona mama yangu na mikono mapajani. Mimi nikawa nazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitamani anigombeze.

Shiro ndiye aliyetutoa hapo. Alileta kikapu kikubwa cha makuti, akasema chuoni wamefunzwa: unaloweka maharagwe tangu jana, unayachemsha kidogo, unaitia sufuria ikiwa moto ndani ya kikapu kilichojazwa nguo, unafunika, na yanaendelea kuiva yenyewe bila moto. "Hakuna gesi, hakuna makaa, hakuna magadi. Shosho, cheki," akamwambia bibi yake.

Shosho hakucheki. Lakini nilipofungua furushi langu nikaanza kukijaza kikapu na mashuka ambayo hayakununuliwa, nikiyakunja ovyoovyo, alishindwa kuvumilia. "Si hivyo, mwiitu, binti yangu. Unaacha upepo." Akaninyang'anya. Akayapanga mwenyewe, akafinyilia kando zote, akakalisha sufuria katikati kama anayelaza mtoto. Tulipofungua jioni, maharagwe yalikuwa yameiva. Hayakuwa laini kama ya zamani. Alionja moja, akatafuna muda mrefu.

"Yanataka meno," akasema. Ndiyo sifa pekee kikapu kile kimepata kwake.

Uvimbe ulishuka Agosti, ukashuka zaidi Septemba. Sijapona, na atakayekwambia unapona ugonjwa huu anakuuzia kitu. Bado nameza tembe, bado nakaa benchi, na daktari amepunguza zile za kukojoa. Lakini habari ya Mwingi haizungumzwi tena, na furushi limerudi begani. Wifi nilimpelekea ndengu. Tulikunywa chai, tukaongea bei ya unga.

Juzi gunia lilitoka nyumbani kwa basi, tukaenda kulipokea, mimi na mwaitu. Nilibeba gunia, yeye akabeba mfuko mdogo. Nilipanda ngazi mbele yake. Nilikuwa nimepita tangazo la maji, nimeshika ukingo wa mwisho, niliposikia nyayo zake zimekoma.

"Ningoje," akasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama pale pale nilipokuwa nikisimama mimi, mkono ukutani. Nikadhani amechoka. Hakuwa amechoka.

"Na baba yako?"

Ningeweza kumwambia baba alikuwa na ugonjwa mwingine. Ningeweza kumwambia alikunywa, alivuta, alizeeka. Nilishuka na gunia langu mpaka alipokuwa.

"Sijui, mwaitu. Hakuna aliyejua."

Akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa anakataa kula kwa wengine. Akienda arusini anarudi na njaa. Anasema hakuna anayeulainisha muthokoi kama mimi."

"Ulikuwa laini," nikasema. "Nilikuwa nampelekea, na njiani naiba. Alikuwa anajua."

Alicheka kidogo, kisha akalia, akiwa ameziba uso kwa pembe ya leso, ile pembe yenye fundo. Nikaliweka gunia chini. Watu walikuwa wanapanda na kushuka na mitungi yao, wanatusukuma, wanasema samahani shosho, samahani mama. Nikaketi kwenye ngazi, nikamvuta akaketi karibu yangu, na nikakaa.